Mtoto Hakubemendwa, Alikuwa na Njaa

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani halina haja ya kufundishwa, yaani kumnyonyesha mtoto. Tunasikia watu wakisema, “Kunyonyesha nani asiyejua? Hata mbuzi anajua.” Sisi tuliofanya kazi miaka mingi katika wodi ya wazazi twajua kwamba sivyo. Kunyonyesha ni kazi ambayo mama na mtoto hujifunza pamoja, na wapo wanaojifunza kwa machozi. Tumemwomba mama mmoja ruhusa ya kuwasimulia yaliyompata, naye amekubali mradi tusimtaje jina. Katika habari hii tutakiri pia kosa letu sisi wauguzi.

Alivyojifungua

Mama huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulimshika mimba ikiwa na wiki 35, yaani wiki tano kabla ya siku zake. Alijifungua salama mtoto wa kiume mwenye uzito wa gramu 2,100. Mtoto alilia vizuri, alipumua vizuri na rangi yake ilikuwa nzuri. Siku ya tatu wodi ilikuwa imejaa, wazazi wengine wanalala wawili wawili kitandani. Tulimwuliza mama, “Mtoto ananyonya?” Akajibu, “Ananyonya.” Tukaandika kwenye kadi, tukampa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Hilo ndilo kosa letu. Tuliuliza kwa mdomo, hatukuangalia kwa macho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake aghalabu ni msinzizi. Hushika ziwa, huvuta mara tatu au nne, kisha husinzia chuchu ikiwa mdomoni. Mama ambaye hajawahi kuzaa atasema bila kudanganya kwamba mtoto ananyonya, maana ndivyo anavyomwona. Laiti tungalikaa karibu naye tangu mtoto anaposhika ziwa hadi anapoliacha, tungaliona kwamba hamezi.

Yaliyotokea nyumbani

Siku ya nne maziwa yalikuja kwa wingi. Matiti yalijaa, yakawa magumu na yenye maumivu makali. Mtoto hakuweza kulishika vema ziwa lililovimba, akawa anavuta ncha ya chuchu tu. Chuchu zikapasuka na kutoa damu. Wifi yake alimnunulia mjini pampu ndogo yenye mpira wa kubinya kwa mkono, lakini ilimwumiza zaidi, na maziwa yaliyotoka yalikuwa matone tu.

Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alimhurumia mjukuu wake aliyekuwa akilia. Akaanza kumpa maji yenye glukosi kwa kijiko, na baada ya wiki moja akampa uji mwepesi wa ulezi. Mtoto alipolala baada ya uji, nyumba nzima ilishukuru. Kumbe tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno, na kila kijiko cha maji kilichoingia kilichukua nafasi ya maziwa. Tena titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yasiponyonywa wala kukamuliwa, mwili hudhani hayahitajiwi, nayo hupungua.

Wiki ya tatu mtoto alianza kuharisha na kukonda. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani mmoja alisema, “Mtoto huyu amebemendwa.” Ninyi wasomaji mnajua maana yake. Husemwa kwamba baba na mama wamekutana kabla ya wakati, au kwamba mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na kwamba jambo hilo limemfikia mtoto kwa njia ya maziwa. Mama mkwe akaanza kumtazama mkwewe kwa jicho jingine. Mume naye, ambaye hakumkaribia mkewe tangu ajifungue, akaanza kujiuliza maswali mabaya usiku. Mama wa watu akaacha hata kumpa mtoto ziwa, akiogopa kwamba maziwa yake yamekuwa sumu.

Aliyewaleta hospitalini ni baba wa mtoto mwenyewe. Tulipomweka mtoto kwenye mizani ilionyesha gramu 1,850. Ni kawaida mtoto mchanga kupungua kidogo katika siku za kwanza, lakini kupungua huko hakupaswi kuzidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na akifikisha majuma mawili hivi awe ameurudia uzito aliozaliwa nao. Huyu alikuwa na majuma matatu na bado alikuwa pungufu kwa gramu 250. Macho yalikuwa yameingia ndani, na alilia kwa sauti ndogo kama ya paka.

Ukweli juu ya kubemenda

Baada ya mtoto kuanza kutibiwa kuharisha na kuishiwa maji, tuliwaita pamoja mama, baba na bibi. Tuliwaambia wazi: mtoto hakubemendwa, ana njaa. Tukawaeleza kwamba maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na damu ya mama, na hakuna njia yoyote ambayo mbegu za mume zinaweza kuingia ndani yake. Tukawaambia pia kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu, tulipomruhusu bila kumwangalia akinyonyesha. Baba aliinamisha kichwa. Bibi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamshika mkwewe mkono.

Hatutaki kuwadharau wazee. Waliona jambo la kweli, wakalieleza kwa namna isiyo sahihi. Mama akipata mimba nyingine upesi, mara nyingi mtoto wa kwanza huachishwa ziwa mapema na kudhoofika. Kwa hiyo kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto ni jambo jema. Na hapa maziwa yenyewe husaidia. Mama anayenyonyesha maziwa yake peke yake, usiku na mchana, ambaye hajaona tena damu ya mwezi, na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, ni nadra sana kushika mimba. Kati ya akina mama 100 wa namna hiyo, hawafiki hata wawili. Lakini sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena.

Jinsi maziwa yalivyorudi

Kwanza tulimvua mtoto nguo, tukamwachia nepi, kofia na soksi, tukamweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kumfunga kwa khanga. Njia hii huitwa ya kangaruu. Ilianzishwa mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, na sasa hutumika duniani kote. Humpa mtoto joto, humfanya atulie, na huamsha maziwa ya mama. Mama alipokuwa akikamua au akila, baba alimbeba mtoto kifuani kwake vivyo hivyo. Mwanzoni aliona haya, baadaye ikawa vigumu kumnyang'anya.

Pili tulimfundisha mama kukamua kwa mkono. Yafaa kila mama aijue kazi hii, kwa hiyo tuieleze polepole. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Andaa kikombe chenye mdomo mpana, kilichooshwa vizuri na kuchemshwa. Keti kwa utulivu, ukande titi taratibu kwa vidole. Weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, mahali sehemu nyeusi inapoishia, na vidole vingine vilishikilie titi. Sukuma kidogo kuelekea kifuani, kisha binya na kuachia, binya na kuachia. Usivute chuchu wala kutelezesha vidole juu ya ngozi. Mara ya kwanza huenda kisitoke kitu kwa dakika kadhaa, usikate tamaa. Zungusha vidole ili pande zote za titi zikamuliwe, kisha hamia titi la pili. Kazi yote yaweza kuchukua dakika 20 hadi 30, na isilete maumivu. Ikiuma, namna inayotumika si sahihi.

Pampu ya mpira tuliiweka kando. Pampu za namna hiyo ni vigumu kusafisha, kwa sababu maziwa huingia ndani ya mpira na vijidudu huzaliana humo, tena zaweza kuumiza titi. Zipo pampu nyingine nzuri ambazo sehemu zake zote hufunguka na kuoshwa. Mwenye uwezo nazo azitumie, lakini mikono haina gharama na haihitaji umeme.

Mara ya kwanza mama alipata vijiko viwili tu vya chai kutoka matiti yote mawili. Mtoto alihitaji kama mililita 35 kila baada ya saa tatu. Mama alilia, akasema, “Mnaona? Yamekauka.” Tukamwambia hayajakauka, yamelala. Kila baada ya saa tatu alimweka mtoto kwenye ziwa kwanza, kisha akakamua, mara nane kwa siku, usiku ukiwamo. Kilichopungua tulijazia kwa maziwa ya kopo kwa agizo la daktari, tukiyapunguza kadiri ya mama yalivyoongezeka. Yote mtoto alinyweshwa kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Chupa ni ngumu kusafisha, na mtoto akiizoea chuchu ya mpira aweza kulikataa ziwa. Siku ya sita mama alijaza mililita 35 kwa mkamuo mmoja, akatuita tukaone.

Tatu tulirekebisha namna mtoto anavyoshika ziwa. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama. Mtoto afungue mdomo wazi kabisa, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje, na sehemu kubwa ya weusi iingie mdomoni, si chuchu peke yake. Akishika hivyo, mama hasikii maumivu, nawe utamwona mtoto akivuta polepole kwa kina na kumeza. Chuchu zilizopasuka zilipona zenyewe, maana kilichozipasua kilikuwa kimeondoka.

Siku ya kumi mtoto alikuwa na gramu 2,000, akinyonya mwenyewe. Safari hii, kabla hawajatoka, tuliketi tukamwangalia akinyonya mwanzo hadi mwisho.

Kurudi kazini

Likizo ya uzazi kwa sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wengi hawajui kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri kumpa mama anayenyonyesha muda wa kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mama yetu alimweleza mwalimu mkuu, wakapanga vipindi vyake ili aweze kufika nyumbani wakati wa mapumziko.

Alfajiri alinyonyesha, kisha akakamua na kuyaacha maziwa katika chombo safi chenye kifuniko, mahali penye ubaridi na kivuli. Mahali pasipo na joto kali maziwa ya mama hukaa salama hadi saa nne bila friji. Penye joto yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Usiyachemshe. Ukitaka kuyapasha, weka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu. Mtoto akibakiza kikombeni, yasiwekwe kwa mlo mwingine. Na aliyekuwa akimnywesha kwa kikombe ni nani? Ni bibi yuleyule, ambaye sasa huwakemea majirani wanaowapa watoto wachanga uji.

Mambo ya kukumbuka

Mtoto awekwe kwenye ziwa ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, naye apewe dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Wengine huyamwaga wakisema ni machafu, kumbe ndiyo kinga yake ya kwanza. Kwa miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake, pasipo maji wala uji. Dawa apewe tu kwa agizo la hospitali. Kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi.

Mtoto anayeshiba, tangu mwisho wa juma la kwanza, hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito wake hupanda. Kulia peke yake si dalili ya njaa, na kulala sana si dalili ya shibe. Mleteni kliniki apimwe. Mama mwenye titi lililovimba na kuwa jekundu, pamoja na homa, aje hospitali upesi, lakini asiache kunyonyesha au kukamua. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi naye anaweza kunyonyesha, akitumia dawa zake kila siku bila kuacha na mtoto akipewa dawa zake za kinga, kama kliniki inavyomwelekeza.

Akina baba, mama aliyechoka na kuhukumiwa hatoi maziwa vizuri. Mchoteeni maji, mpikieni, mbebeni mtoto. Nanyi majirani, kabla ya kusema mtoto amebemendwa, ulizeni kwanza kama ananyonya ipasavyo.

Mtoto wa habari hii alifikisha miezi sita akiwa na kilo 5.9, na ameanza kuota meno. Mwezi ujao tutazungumza juu ya chakula cha nyongeza kwa watoto wa umri huo.