Kaburi la John William Shaw

John William Shaw alikuwa baharia Mwingereza aliyezikwa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania. Aliajiriwa Zanzibar mwaka 1871 na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, aliyetumwa kumtafuta David Livingstone. Habari za kaburi lake zinaonyesha jinsi watu waliokufa katika safari moja ya gazeti walivyokumbukwa kwa namna tofauti.

Vita vya 1871

Msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo ukafika Tabora mwezi Juni 1871. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara; hapo njia ziligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, kwa sababu ya ugomvi kati yake na wafanyabiashara Waarabu juu ya ushuru wa njia (hongo) na biashara ya pembe za ndovu.

Stanley hakubaki mtazamaji. Aliungana na Waarabu, yeye na watu wake wenye bunduki. Mwezi Agosti kikosi kilichoongozwa na Soud bin Sayd kiliteka Wilyankuru, lakini kikaviziwa na Mirambo kikiwa njiani kurudi na nyara. Soud aliuawa pamoja na baadhi ya watu wa Stanley, akiwemo Uledi, ambaye zamani alimtumikia mpelelezi James Grant. Tarehe 22 Agosti Mirambo alishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akauawa.

Kifo na kaburi

Mwezi Septemba Stanley aliondoka kwa njia ya kusini ili kukwepa vita. Baada ya siku chache Shaw, aliyekuwa mgonjwa, alirudishwa Kwihara. Stanley aliporudi pamoja na Livingstone mwezi Februari 1872, alikuta Shaw amekwisha kufariki. Kwa ushauri wa Livingstone, watu wa msafara walikusanya mawe wakayarundika juu ya kaburi ili lisipotee.

Uledi na wenzake waliangukia porini wakati wenzao wakikimbia. Kumbukumbu yao ni majina katika kitabu cha Stanley, *How I Found Livingstone* (1872).

Waandishi vitani baadaye

Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva (1977), kifungu cha 79, inawahesabu waandishi wa habari vitani kuwa raia, mradi wasishiriki mapigano. Stanley, aliyeshika bunduki, asingepata kinga hiyo.

Hata hivyo, kinga ya sheria haizuii mauaji, na kumbukumbu bado hazilingani. Tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba mjini Mogadishu, umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne waliofika kupiga picha: Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, Dan Eldon aliyekulia Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss. Shajara za Eldon zimechapishwa kitabu, na maisha yake yametengenezewa filamu. Maina na Macharia, waliokufa siku ileile kwa kazi ileile, hawajulikani sana nje ya Kenya.