Klachi Hufia Kwenye Foleni

Lori lililopakia shaba Tenke likifa klachi, mwenye gari huanza kutafuta kosa mlimani. Huuliza lilibeba tani ngapi, lilipandaje, nani alikuwa kwenye usukani. Swali la kwanza lingekuwa hili: lilikaa foleni muda gani?

Barabara ya kutoka Kolwezi kupitia Fungurume, Likasi na Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa hubeba karibu kila kitu cha mkoa wa Lualaba. Kuelekea mpakani hupita mabamba ya shaba na magunia makubwa ya kobalti. Kurudi huja chokaa, salfa, tindikali ya migodini, dizeli na unga wa mahindi. Tenke yenyewe ni njia panda ya reli. Hapo reli ya Lubumbashi na Kamina hukutana na ile ya Kolwezi na Dilolo, ambayo tangu 1931 ilikuwa imeungana na bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilivyoanza 1975 vikaikata kwa miaka mingi, na baadaye mzigo mwingi ukahamia barabarani. Malori yanayoubeba ndiyo yanayojipanga leo kwa kilomita nyingi Kasumbalesa, kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara na kwenye mageti ya migodi. Wengine wanaoyaendesha wametoka Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kabla hata ya kuuona mpaka huo.

Klachi ya lori kubwa ni sahani yenye kipenyo cha milimita 430 hivi, iliyobanwa kwa springi kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ikishika vizuri haiumii. Huzunguka pamoja na injini, ikamaliza mamia ya kilomita bila kupoteza kitu. Inaliwa pale inapoteleza, na huteleza kila gari linapoondoka. Dereva aliyepata njia nyeupe kutoka Fungurume hadi Likasi ataondoka mara chache tu. Aliyekwama foleni ataondoka, atasimama, ataondoka tena, tangu alfajiri hadi giza liingie, na kilomita kwenye dashibodi zisiongezeke hata kumi.

Tena kuna hesabu ambayo kila dereva angefundishwa siku ya kwanza. Joto linaloingia kwenye sahani wakati wa kuondoka hutegemea uzito wa gari na mwendo litakaokuwa nao klachi inapomaliza kushika, nalo hupanda kwa mraba wa mwendo huo. Ukichagua gia inayolipeleka gari mara mbili ya mwendo wa gia ya chini, joto linakuwa mara nne. Kwenye giaboksi ya gia kumi, kuondoka na ya tatu ni mazoea ya wengi, na gari likiwa tupu halina neno. Lakini gari na mzigo wake vikifika tani 50, mazoea hayo hayo yanaichoma sahani. Gia ya kutambaa haikuwekwa kwa ajili ya matope ya masika peke yake.

Kwenye foleni, basi, dawa ni subira. Gari la mbele likisogea mita mbili, usilifuate. Acha nafasi ifunguke, kisha ondoka na gia ya chini kabisa, achia pedali yote, liache litambae lenyewe kwa mzunguko wa chini wa injini, mguu ukiwa sakafuni. Hatua kumi za kuburuza zinageuka kuwa moja. Najua kinachofuata: mwingine atachomeka, na wa nyuma watapiga honi. Waache wapige. Anayepoteza nafasi moja atavuka mpaka siku ile ile. Aliyeunguza klachi atalala kando ya barabara akilinda mzigo wa watu.

Kwenye mwinuko kosa ni lingine. Dereva hulishikilia gari kwa nusu klachi na mafuta kidogo, lisirudi nyuma, huku breki ya mkono ikikaa bure. Dakika moja ya namna hiyo inatosha kutoa harufu. Na kwenye mteremko, kukanyaga klachi ili gari lielee ni hatari kuliko hasara yoyote ya vipuri, maana breki ya injini hupotea papo hapo. Ukiwa na tangi la tindikali nyuma yako, usithubutu.

Madereva wa Fuso na Canter wanaosambaza bia, saruji na unga katika maduka ya Fungurume na Tenke wana ugonjwa wao: mguu unaopumzika juu ya pedali. Uzito huo mdogo unaifanya bearingi ya klachi izunguke bila kupumzika, na sahani inateleza kidogo kidogo bila dereva kuhisi.

Wapo wanaosema malori mapya yanayobadilisha gia yenyewe yatamaliza tabu hii. Mengi yao bado yana sahani kavu ile ile ndani, ila inakanyagwa na kompyuta, na kwenye foleni nayo huungua.

Linaloniuma ni makato. Klachi ikifa, wapo mapatroni wanaoitoa kwenye mshahara wa dereva kabla giaboksi haijashushwa. Sahani yenyewe husema. Ikitolewa na kuwekwa chini, itazame: ikiwa imelika mpaka ribiti zimegusa chuma, na presha pleti ina madoa ya bluu, imeteleza mno, na hapo lazima saa za foleni na uzito wa mzigo viwekwe mezani pamoja na mguu wa dereva. Springi za katikati zikiwa zimevunjika, pengine klachi ilikuwa ikiachiwa kwa kishindo. Lakini ikiwa imelowa oili, sili imevuja, ya injini au ya giaboksi, na hilo ni deni la matengenezo, la mwenye gari. Gari lishushwe giaboksi dereva akiwepo, fundi amwoneshe sahani yeye na patroni kwa pamoja, ndipo pesa izungumzwe.