Howard College: Fedha za bandarini zilijenga chuo, watoto wa makuli wakabaki nje

DURBAN – Jengo lenye kuba juu ya kilima cha Berea, hapa Durban, lilitokana na msiba wa baba mmoja. Thomas Benjamin Davis, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, alitajirika kwa kazi ya kupakia na kupakua shehena bandarini. Mwanawe Howard alijeruhiwa katika vita vya Somme, Ufaransa, akafa mwaka 1916. Davis akatoa fedha za kumjengea ukumbusho, na mwaka 1931 Howard College ikafunguliwa kama tawi la chuo cha Natal, kilichoanzishwa Pietermaritzburg mwaka 1910.

Lakini shehena haijipakii yenyewe. Waliobeba magunia ni makuli, wengi wao Wazulu, na watoto wao hawakuwa na nafasi katika madarasa yale. Mwaka 1936, Mabel Palmer alipoanzisha masomo kwa Waafrika na Wahindi, walisomea kando, katika Sastri College, shule ambayo Wahindi wa Durban walichangishana fedha kuijenga. Yaani aliyebaguliwa ndiye aliyetoa darasa!

Baadaye ilifunguliwa shule ya udaktari kwa wasio Wazungu. Steve Biko aliingia hapo mwaka 1966. Wakati huo serikali ya makaburu ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya mwaka 1959 ya kugawa vyuo vikuu kwa rangi na kabila. Kwa fedha za umma, Wahindi wakafunguliwa chuo chao mwaka 1961 katika majengo ya zamani ya kijeshi kwenye kisiwa cha Salisbury, bandarini, kabla ya kuhamishiwa Westville. Chuo hicho na kile cha Natal viliunganishwa Januari 2004, kikazaliwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal.

Rangi haikuwa tena kizuizi cha kisheria. Ikabaki ada. Mfuko wa serikali, NSFAS, ulikopesha wanafunzi maskini lakini haukutosha. Oktoba 2015 wanafunzi waliandamana nchi nzima mpaka Rais Jacob Zuma akasitisha nyongeza ya ada ya mwaka 2016. Septemba 2016 maktaba ya sheria ya Howard College ikachomwa moto, kitendo ambacho hakikumpunguzia mtu ada hata senti moja. Desemba 2017 Zuma akatangaza elimu ya bure kwa wanafunzi ambao kipato cha familia zao hakizidi randi 350,000 kwa mwaka.

Ruzuku hiyo imekusudiwa hasa raia. Itifaki ya SADC ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada sawa na wenyeji, jambo linalowahusu Watanzania na Wakongo. Wakenya na Waganda hawamo. Hata hivyo, ada sawa si ruzuku. Durban ina Wakongo wengi wanaolinda magari ya watu kwenye maegesho, baadhi yao wasomi. Kijana wao aliyesoma hapa tangu darasa la kwanza, lakini bado ana kibali cha muda cha mwomba hifadhi, hukuta akifaulu mtihani wa mwisho kwamba ada yote ni juu ya baba yake.