Ukale wa Kyoto Hutunzwa kwa Jasho

Wapo watu wanaodhani kwamba mji wa kale ni mji uliosahauliwa na wakati. Kwamba kuta zake zingali zimesimama kwa sababu tu hakutokea mtu wa kuzibomoa. Mji wa Kyoto, nchini Japani, unaipinga dhana hiyo waziwazi. Niliuzuru mji huo kwa siku nne, na niliyoyaona humo yamenipa hoja ninayotaka kuiweka mbele ya msomaji: kuhifadhi ukale ni kazi, na kazi hiyo ina gharama yake.

Kyoto iliasisiwa mwaka wa 794 na Mfalme Kanmu, ikawa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi mamlaka yalipohamia Tokyo baada ya mageuzi ya mwaka wa 1868. Leo wakazi wake wanakaribia milioni moja na nusu. Mgeni anayetarajia kushuka garimoshini na kuyaona mahekalu papo hapo hupigwa na butwaa, kwani kwanza hulakiwa na kituo kikubwa cha vioo na vyuma kilichofunguliwa mwaka wa 1997, na mkabala wake mnara wa mita 131 uliojengwa mwaka wa 1964. Mahekalu mengi mashuhuri yako pembezoni, kwenye miteremko ya milima inayouzingira mji kwa pande tatu. Mwaka wa 1994, mahali 17 katika Kyoto na miji jirani ya Uji na Otsu, yakiwemo mahekalu ya Kibudha, majumba ya ibada ya Shinto na ngome moja, paliingizwa pamoja katika orodha ya Turathi za Ulimwengu.

Ajabu ni kwamba mengi ya majengo hayo si ya kale kama mji wenyewe. Kyoto ni mji wa mbao, na adui wa mbao ni moto. Vita vya Onin, vilivyopiganwa kuanzia mwaka wa 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mathalani, hekalu la Kinkaku, ambalo orofa zake mbili za juu zimefunikwa kwa dhahabu, asili yake ni karne ya 14. Nilipolitazama kutoka ng'ambo ya kidimbwi chake, likiwa limetulia juu ya kivuli chake majini, nilikumbuka kwamba lilichomwa na mtawa kijana mwaka wa 1950, na kwamba hili tulionalo lilikamilishwa mwaka wa 1955. Yaani jengo hilo lina umri mdogo kuliko wazee wengi tunaowaamkia kila asubuhi! Je, tuseme basi kwamba ni la bandia? La hasha. Mbao ni mpya, lakini umbo ni lile lile, na ujuzi wa mafundi ni urithi uliopokezwa kutoka mkono hadi mkono.

Ujuzi huo huonekana wazi zaidi katika hekalu la Kiyomizu, lililoanzishwa mwaka wa 778 na ambalo ukumbi wake mkuu wa sasa ulijengwa mwaka wa 1633. Mbele ya ukumbi huo pana roshani pana iliyoinuliwa kiasi cha mita 13 juu ya mteremko, nayo imebebwa na nguzo nene za mti uitwao keyaki, zilizounganishwa na boriti kwa kuchomekana pasipo msumari. Wajapani husema kwamba mtu anayejitosa katika jambo zito ameruka kutoka roshani ya Kiyomizu. Paa la ukumbi limeezekwa kwa magome ya mti wa hinoki, ambayo hubanduliwa kwa uangalifu kutoka kwa mti ulio hai, bila kuukata, na baada ya miaka kadhaa gome huota upya. Paa hilo liliezekwa tena katika ukarabati uliokamilika mwaka wa 2020, mwaka huo huo ambao Unesco iliutambua ujuzi wa mafundi wa majengo ya mbao ya Japani kuwa turathi ya ulimwengu.

Hata hivyo, jambo lililonigusa kuliko yote ni hili: hekalu hilo limepanda miti msituni kwa ajili ya ukarabati wa karne zijazo. Nguzo ya keyaki haipatikani kwa mti wa miaka 30. Wanaopanda miche hiyo wanajua fika kwamba hawataiona ikikatwa, wala watoto wao hawataiona.

Sikatai kwamba bahati nayo ilichangia. Mwaka wa 1945 Kyoto ilikuwa miongoni mwa miji iliyopendekezwa kushambuliwa kwa bomu la atomiki, na ni Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, aliyesisitiza iondolewe. Lakini mji ulioponea bomu haukuponea tingatinga. Nyumba za mbao za wafanyabiashara na mafundi, ziitwazo machiya, nyembamba kwa mbele na ndefu kwa ndani, zimekuwa zikibomolewa mwaka baada ya mwaka ili kupisha maegesho ya magari na majengo ya ghorofa. Kufikia mwaka wa 2016 zilikuwa zimebaki takriban 40,000 tu.

Ndipo mwaka wa 2007 baraza la mji likapitisha kanuni kali. Kimo cha juu kabisa cha majengo katikati ya mji kikapunguzwa kutoka mita 45 hadi 31, na matangazo ya juu ya paa na yale ya taa za kumetameta yakapigwa marufuku. Wenye ardhi walilalamika, na hatuwezi kusema walilalamikia hewa. Nyumba zimekuwa ghali, na familia changa zikahamia miji jirani, hata baraza likalazimika kulegeza kanuni hizo katika baadhi ya maeneo mwaka wa 2023. Isitoshe, umaarufu nao umegeuka mzigo. Katika mtaa wa Gion, watalii waliwaandama wanawake wa sanaa za jadi kwa kamera, hadi vichochoro vya watu binafsi vikafungiwa wageni mwaka wa 2024.

Sisi Wakenya tuna nasaba na fikra hizi. Mwaka wa 2005, ule ulioanza kutekelezwa kwa Itifaki ya Kyoto kuhusu hali ya anga, Profesa Wangari Maathai alizuru Japani na kulipenda neno mottainai, linaloonya dhidi ya kuharibu kitu chenye thamani. Akalieneza duniani kote. Aliyeshika mche Nyeri alielewana mara moja na aliyeshika mche Kyoto.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo huimbwa sana katika hotuba, kisha wasemaji hurudi nyumbani. Kutoka Kyoto nimejifunza kuwauliza maswali matatu: fundi yuko wapi, sheria iko wapi, na miti ya kukarabatia imepandwa wapi? Asiye na jibu hata moja asituhubirie asili.