Theluji ya Vuli Kilimanjaro: Jikinge Kwanza na Maji

Kila Desemba inapokaribia, Watanzania wengi hupanda Mlima Kilimanjaro ili wawe kileleni tarehe 9, kukumbuka Luteni Alexander Nyirenda alivyosimika bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo mwaka 1961. Ni desturi njema, na ningependa idadi yao iongezeke. Lakini tarehe hiyo huangukia msimu wa vuli, na mvua inayonyesha Moshi, huko juu ni theluji. Anayejiandaa kwa kutazama picha za Agosti, njia zikiwa kavu na anga jeupe, atakutana na mlima mwingine kabisa.

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Moshi ikiwa na nyuzi 30 mchana, Kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, huwa na nyuzi 7 au 8, na usiku hushuka chini ya sifuri. Wakati wa vuli, pepo za Bahari ya Hindi huleta unyevu mwingi, na mara nyingi mawingu hupanda mlima kuanzia adhuhuri. Ndiyo maana mpandaji anaweza kunyeshewa msituni, akapigwa na manyunyu yenye chembe za barafu akivuka nyika za juu, kisha akaangukiwa na theluji kambini. Theluji hiyo ni nzito na ina maji mengi. Ikitua kwenye koti lenye joto la mwili, huyeyuka papo hapo.

Hapo ndipo maandalizi ya wengi yanapopwaya. Huogopa baridi, wakabeba makoti mazito, wakasahau maji. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa. Mtu aliyelowa chapachapa kwenye nyuzi 5 yuko hatarini zaidi kuliko aliyevaa vizuri, mkavu, kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri.

Basi anza na nguo. Jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani, kwa sababu pamba ikilowa haikauki mlimani. Huhitaji fedha nyingi: katika mitumba ya Soko la Memorial, Moshi, utapata nguo nzuri za sufu na poliesta ukisoma lebo iliyoshonwa ndani ya ukosi. Vaa nguo nyepesi inayogusa ngozi, sweta juu yake, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Unapotembea, punguza nguo kabla hujatokwa na jasho. Jasho nalo ni maji.

Kisha pima shanta lako. Lipange kama la safari, liweke chini ya bomba la bafuni kwa dakika tano, ulifungue. Kilicholowa hapo kitalowa mlimani. Usitegemee mifuko ya rambo, iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Tafuta mifuko imara isiyopitisha maji, yenye mdomo unaokunjwa mara tatu na kufungwa. Ndani yake weka mfuko wa kulalia na seti moja ya nguo kavu pamoja na soksi za sufu. Seti hiyo ni ya kulalia tu. Hata ukilowa namna gani njiani, usiiguse mpaka uwe ndani ya hema.

Usiku wa kwenda kileleni una mambo yake. Safari huanza karibu na saa sita usiku, wakati theluji iliyolainishwa na jua la mchana imeganda na kuwa barafu. Fimbo mbili husaidia, na barafu ikiwa ngumu, utahitaji vyuma vyenye meno vinavyovishwa juu ya buti. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu na mdomo utabaki wazi. Betri za tochi zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Jua likichomoza, linda macho. Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na mawingu hayaizuii yote. Macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshapita mahali alipoungulia. Vaa miwani ya giza iliyozibwa pembeni, upake midomo kinga ya jua. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye kampuni ya kupandisha watu mlimani: wagumu, yaani wapagazi, watavaa nini? Kila mmoja anaruhusiwa kubeba hadi kilo 20, na anapita kwenye theluji ileile unayopita wewe. Mjini Moshi, KPAP, shirika la kuwasaidia wapagazi, huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kupanda na raba zilizotoboka. Msafara ambao wagumu wake wamelowa haujajiandaa, hata kama mgeni amevaa vizuri kiasi gani.

Mwisho, mkiwa bado getini, kubalianeni na kiongozi ni wakati gani mtageuka. Mwenzenu akishindwa kufunga zipu, akaburuta maneno au akapepesuka, huenda joto la mwili wake limeshuka, au ni ugonjwa wa mwinuko. Msipoteze muda kubishana ni lipi. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mteremsheni. Akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, hali ni mbaya zaidi.

Ukiweza, lipia siku moja ya ziada. Kwa njia ya Marangu, siku 6 badala ya 5 huupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Na kiongozi akisema mgeuke, geukeni bila kinyongo: Januari na Februari mlima huwa mkavu tena, na aliyeshuka salama anaweza kurudi.