Ubia wa Ujenzi wa Shule (3): Nani Anaukagua Ukuta?

Oktoba 2025 mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, ulifika mwisho wa mkataba wa miaka 25 uliokuwa umezifunga pamoja zaidi ya shule 80, na mikataba mingine ya rika hilo iko njiani. Waliosoma makala mbili zilizotangulia wanajua ubia unavyokwenda: kampuni inakopa, inajenga na kutunza, halmashauri inalipa mwaka hadi mwaka mpaka majengo yarudi mikononi mwake. Leo nataka tuone kwa nini shule hukusanywa fungu moja, na nani anakuwepo zinapojengwa.

Kukusanya ni suala la hesabu. Mkataba wa shule moja unadai wanasheria, washauri wa fedha na miezi ya majadiliano karibu sawa na mkataba wa shule ishirini, na benki haina hamu na mkopo mdogo. Fungu likiwa kubwa, gharama hizo zinagawanyika, michoro inarudiwa, vifaa vinanunuliwa kwa jumla, na kikosi kimoja cha matengenezo kinazunguka shule zote. Kwa hilo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu, kuhusu nani anayeikagua kazi, ni wa miaka mingi, na unaanzia Glasgow. Sheria ya elimu ya Scotland ya mwaka 1872 iliunda bodi za shule zilizochaguliwa na wananchi na kuendeshwa kwa kodi zao. Anayetaka kujua bodi hizo zilivyoichukulia kazi aitazame shule ya Mtaa wa Scotland, iliyochorwa na Charles Rennie Mackintosh na kujengwa kati ya 1903 na 1906 kwa ajili ya watoto 1,250 wa mtaa wa wafanyakazi. Ngazi zake zimo ndani ya minara miwili ya vioo, hivyo mtoto anapanda darasani akiwa amezungukwa na mwanga. Bodi ilibishana na Mackintosh kuhusu gharama, na wanahistoria wengi wa sanaa wanaisimulia habari hiyo kwa kuilaumu bodi. Mimi naiheshimu. Wajumbe wake walijua kilichokuwa kinajengwa, walijua fedha ni za nani, na hawakuona haya kuuliza. Shule ilifungwa mwaka 1979 kwa kupungukiwa na watoto, lakini jengo halikuanguka, likafanywa makumbusho.

Katika jiji hilohilo, mwaka 2000, shule zote 29 za sekondari za serikali ziliwekwa kwenye mkataba mmoja wa miaka 30. Edinburgh, jiji alikosomea Mwalimu Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952, nayo ikaweka shule 17 katika fungu lake.

Alfajiri ya Januari 29, 2016, upepo mkali ulipiga Edinburgh. Kwenye shule ya msingi ya Oxgangs, sehemu ya ukuta wa nje yenye uzito wa tani tisa hivi ikaporomoka. Watoto walikuwa hawajafika. Ukuta wa namna ile una tabaka mbili zenye uwazi katikati, na tabaka hizo hushikwa na vyuma vyembamba vinavyolazwa kwenye udongo wa saruji wakati mwashi anapanga matofali. Chuma kinatakiwa kizame milimita 50 kila upande. Pale Oxgangs vyuma vingi vilikuwa vimeugusa ukuta wa nje kidogo tu. Mwashi akishapanga safu nyingine mbili, hakuna jicho litakaloliona kosa hilo tena. Halionekani kwenye makabidhiano, wala kwenye ripoti za matengenezo.

Kumbe mtindo ulikuwa umesambaa. Kufikia Aprili shule zote 17 za fungu zilifungwa na watoto zaidi ya 7,000 wakatawanywa kwenye shule nyingine, wengi kwa mabasi. Kampuni ilibeba gharama za ukarabati, na halmashauri ikazuia malipo ya kipindi hicho. Kwa upande huo mkataba ulifanya kazi yake. Lakini ripoti ya uchunguzi huru ulioongozwa na John Cole, ya Februari 2017, iligusa ninacholalamikia siku zote: ujenzi ulikuwa mbovu, usimamizi wa wajenzi ulikuwa dhaifu, na halmashauri haikuwa na mkaguzi wake wa kudumu kwenye eneo la kazi. Iliaminiwa kwamba kwa kuwa kampuni ndiyo itakayotunza jengo kwa miongo mitatu, itajisimamia yenyewe. Kumwachia mjenzi ajikague mwenyewe pale ambapo watoto watakaa ni uzembe, hata ukiitwa kuhamisha hatari kwenda sekta binafsi.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ubia ya mwaka 2010 imerekebishwa mara kadhaa, mara moja ikiwa 2023, na mlango wa miradi ya namna hii uko wazi. Tumezoea kujenga madarasa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa mahali hapo bila mkandarasi, mfumo wenye kasoro zake nyingi, lakini una kamati ya mapokezi: wanakijiji wanaosimama penye lori na kuhesabu mifuko ya saruji kabla ya kusaini. Halmashauri itakayoingia kwenye ubia iandike ndani ya mkataba, kabla ya kusaini, mkaguzi wa kila eneo la ujenzi anayelipwa na halmashauri yenyewe, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi na kubomoa safu iliyopangwa vibaya.

Makala ijayo itahusu shule sita za Kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, Marekani, zilizojengwa kwa fungu moja la ubia.