Bahari Inayochemka Chenga: Filamu za Mezani za Watoto Wetu

Wazazi wengi wamekwisha kuiona kazi hii wakati wa likizo: jahazi la karatasi linasogezwa kidogo juu ya kitambaa cha buluu, linapigwa picha, linasogezwa tena. Picha zikifuatanishwa 12 kwa kila sekunde, jahazi huonekana likienda lenyewe. Dakika moja tu hudai picha 720. Ni majuma ya jasho la mtoto, na inahuzunisha mno pale filamu inapowekwa kwenye televisheni ya sebuleni, bahari yote ikaonekana ikichemka chenga.

Picha moja yenye chenga huvumilika. Katika filamu, kila picha huja na chenga zake, zisizofanana na za iliyotangulia. Ndiyo maana huruka-ruka kama wadudu juu ya kitu kilichotulia.

Chanzo ni uhaba wa mwanga. Kamera iliyoachwa ijiamulie, ikiona giza, hupandisha kipimo kiitwacho ISO: hukuza ishara dhaifu iliyoipokea, na takataka zake pamoja nayo. Mpiga picha wa harusi hana budi, kwa kuwa watu hawasimami. Mtoto wetu anayo nafasi ambayo mwenzake hana, kwani jahazi lake halitikisiki. Aishushe ISO hadi 100, aiweke kamera juu ya stendi imara, kisha aiache ipokee mwanga kwa sekunde nzima, hata mbili. Atumie kipima muda ili kidole kisiitikise.

Vipimo vikishawekwa, visiguswe hadi mwisho wa onyesho, la sivyo filamu itapepesa. Pazia nalo lifungwe, kwani jua la saa nne si jua la saa saba. Taa mbili za mezani zatosha.

Wapo wanaopiga picha 4 za kila hatua na kuzichanganya kwa programu ya kompyuta, chenga zikapungua kwa nusu. Kwa dakika moja hizo ni picha 2,880. Twaiona ni adhabu kwa mtoto.

Wala asidhani mtu kwamba kamera ya picha mnato ni ya mchezo tu: filamu ya Corpse Bride ya mwaka 2005 ilipigwa kwa kamera za aina hiyo.

Kabla ya kuanza, zipigwe picha 24 za jahazi bila kulisogeza, zitazamwe kwenye televisheni ileile. Bahari ikichemka, iongezwe taa.